Mama Propre na Karatasi ya Buluu

Ukimuona Mujinga anaosha beseni ambayo imekwisha kuwa safi, pita mbali. Njo namna yake ya kukasirika. Wengine hapa Kashikishi wanapiga kelele, wanatukana ukoo muzima, kisha jioni wanaombana chumvi. Yeye anaosha. Mwaka huu aliosha karibu miezi miwili, na sehemu ya hiyo hasira ilikuwa yangu, sababu mimi njo nilishusha gunia yake kutoka kwenye kamiyo, lori yangu, mbele ya watu wote.

Mimi ni mununuzi wa chisense, wale samaki wadogo wa Mweru, urefu wa kidole, wenye kuanikwa juani mpaka wanakauka kama majani. Ninanunua kwa bamama wa ufukoni, ninajaza kamiyo, ninapeleka Lusaka. Nilianza na baiskeli na gunia moja. Hakuna mutu alinishika mukono, basi na mimi sina sababu ya kumupamba mutu. Haya ya Mujinga ninayasema vile yalivyokuwa.

Alivuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, wakati vita ilipofika kwenye mashamba yao. Wakamupeleka kambini Mantapala pamoja na wakimbizi wengine, wakamupa kiwanja cha kulima mihogo. Alilima misimu miwili. Kisha akasema ule udongo haumujui na yeye haujui, yeye ni mutu wa maji, akashuka Nchelenge na beseni moja na mutoto wake Gloire, njo maana wengine wanamuita Bana Gloire. Alianza kwa kuosha samaki wa wengine. Walimulipa samaki wenye kuvunjika, wale ambao hakuna mutu anawataka. Akawaanika juu ya mifuko ya simenti, akawauza kwa wapika pombe. Baada ya miaka mitatu alikuwa na nafasi yake mwenyewe ya kuanikia, hatua ishirini kwa kumi na tano, pale juu ambapo wavuvi hawapiti na matope yao. Hakuna mume ndani ya hiyo kazi. Mume alirudi Pweto kuangalia kama nyumba bado imesimama, na kumbe nyumba ilimupendeza.

Jina lake la sokoni ni Mama Propre. Walimupa kwa kumucheka, akalichukua kama cheo. Hapa kwetu kuna siri ambayo kila mutu anaijua: inzi wakizidi, kuna wenye kunyunyizia samaki dawa ya wadudu wa nyanya. Inzi wanakufa, samaki wanang'aa, na mutu wa Lusaka anakula. Mujinga hakufanya hivyo hata siku moja. Alikaa na tawi la majani akifukuza inzi kutoka asubuhi mpaka jua kushuka, na mukono wake wa kuume umekuwa munene kuliko wa kushoto. Sifa yake yote ilikuwa ndani ya hilo neno moja, safi. Hakuwa na kingine cha kuuza.

Mwezi wa tatu, ziwa lilipofunguliwa baada ya ile miezi ambayo serikali inakataza kuvua, alikuja kijana mumoja, Davison Chewe, mutoto wa muvuvi wa Chienge, aliyesoma kemia chuoni mpaka mwisho. Alibeba boksi la vipande vya karatasi, kila kimoja upana wa kidole. Juu ya kila kipande kulikuwa na doa jekundu, rangi ya divai ya misa.

Akatueleza. Ndani ya lile doa kuna dhahabu iliyofanywa chembe ndogo mno, hata vumbi ni mulima mbele yake. Chembe zikikaa mbalimbali, rangi ni nyekundu. Zikikutana na dawa ya wadudu zinashikamana, na doa linageuka buluu. Unatia samaki kwenye maji, unachovya karatasi, unangojea dakika tano. Nyekundu, uza. Buluu, tupa.

"Dhahabu?" akauliza Chalwe. Huyu anaanika jirani na Mujinga, ni muzaliwa wa hapa hapa, na ulimi wake unafanya kazi kuliko mikono. "Unaleta dhahabu uwape chisense? Lete kwangu, mukwai, mimi nina masikio mawili."

Mimi nilikubali hiyo kitu kwa sababu moja tu. Duka moja kubwa la Lusaka lilikuwa limeanza kuulizia samaki bila dawa, na mutu mwenye kushika kipimo njo anasema bei. Afya ya mutu sikuifikiria.

Lakini siku ya kwanza karatasi ilishindwa. Haikugeuka buluu, haikubaki nyekundu, ikawa rangi ya chai ya jana. Davison akachovya kumi, akachovya kumi na tano, jasho likaanza kumutoka. Kule kwenye labo walipima kwa maji safi na dawa. Hawakufikiri kama samaki ana mafuta.

Mujinga alikuwa anamuangalia na tawi lake mukononi. "Mafuta njo inakufunikia," akasema. "Weye unachovya juu, na mafuta inakaa juu. Tia maji ya vuguvugu, acha yatulie, kisha kamata maji ya chini."

"Nitayakamata namna gani bila kugusa ya juu, Ba Mayo?" Davison akauliza, kwa kumuita mama kwa Kibemba.

Mujinga akakata tete moja pale majini. Akaliziba juu kwa kidole gumba, akalishusha mpaka chini ya beseni, akaachilia kidole, akaziba tena, akalitoa. Matone matatu juu ya karatasi. Nyekundu ikabaki nyekundu. Tukaleta samaki ambao tuliwanyunyizia dawa makusudi kwa ajili ya kujaribu. Buluu, bila kubishana.

Leo ukifungua lile boksi utakuta murija wa plastiki ndani. Ule murija ni tete la Mujinga. Watu wa chuo walikaa miaka sita na dhahabu yao, na kitu kilichowatoa kwenye labo ni nyasi ya Mweru. Jina lake haliko kwenye boksi. Hakuliomba. Mimi ningeliomba, na pesa juu yake, lakini kila mutu na ubishi wake.

Mwezi wa nne Davison alirudi na patroni, Levy, ambaye njo aliweka pesa ili zile karatasi zifike sokoni, na mabibi wawili wa lile duka la Lusaka. Kamiyo yangu ilikuwa imefungua mulango wa nyuma. Bamama walipanga magunia.

"Muanze na gunia ya malaika," Chalwe akasema. "Sisi wenye zambi tutafuata."

Davison akatia samaki wa Mujinga kwenye maji, akangojea, akadondosha. Doa likatulia kidogo, kisha likageuka. Akakamata karatasi ya pili, na ya tatu. Zote buluu kama yunifomu ya shule.

Chalwe njo alianza. "Eh, Bana Gloire. Kumbe hata malaika ana chupa?"

Wakacheka mpaka wenye kubeba magunia wakasimama kuuliza kuna nini.

"Mi sinyunyizake," Mujinga akasema.

"Karatasi haidanganyi, Ba Mayo," Davison akamujibu pole pole, macho chini.

"Hii karatasi, nani aliifundisha kunywa? Mi njo niliifundisha. Leo inanitemea mate."

Akanigeukia. "Papa Apollinaire. Miaka sita unanunua kwangu. Sema."

Mimi nilishusha gunia yake. Niliiweka chini kando ya gurudumu. Nyuma yangu kulikuwa wale mabibi wa duka, na kama ningepakia gunia ya buluu siku ya kwanza, kipimo kingekufa pale pale. Ningefanya vilevile leo. Baada ya gunia yake tukapima ya Chalwe, Chalwe mwenye kupangusa beseni kwa chitenge aliyoivaa, na yake ikabaki nyekundu. Alicheza mbele ya kamiyo.

Mujinga aliosha beseni siku tatu. Siku ya nne alienda kwenye nyumba ya wageni pale Davison alikuwa analala, akamukuta anakunywa chai. Mimi nilikuwa pale, tulikuwa tunaongea hesabu ya mwezi wa tano.

"Nipe karatasi kumi na mbili," akasema.

"Ni za bei sana, Ba Mayo. Patroni anazihesabu."

"Na tete yangu ilikuwa bei gani?"

Davison akamupa kumi na mbili. Nikawafuata mpaka ufukoni, sababu nilitaka kujua kama nitaendelea kununua kwa huyu mama ao hapana.

Mujinga alipima vile anavyofanya kazi yake, mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Samaki kutoka kwenye mutumbwi, nyekundu. Samaki wa kwenye beseni, nyekundu. Maji ya kuoshea, nyekundu. Akaosha mikono yake ndani ya kikombe, akapima hayo maji: nyekundu. Akapima mchanga. Akapima gunia tupu. Nyekundu tu. Kisha akakamata samaki wa kukauka kutoka pale walipokuwa wameanikwa, na doa likageuka buluu.

Akasimama akiangalia chini ya samaki wake. Na mimi nikaangalia. Walikuwa wamelala juu ya mustikeri.

Kwa mutu asiyejua kwetu: zamani samaki walianikwa juu ya mchanga, na ukila ulisikia ziwa lote kwenye meno. Wanunuzi kama mimi tulikata bei kwa sababu ya ule mchanga. Halafu vyandarua vya mbu vikaja, tunaviita mustikeri, vinagawiwa bure mijini na kambini. Mustikeri ni nyepesi, maji yanapita, mchanga unabaki chini. Ufuko wote ukatandika mustikeri. Hakuna mutu hapa atalala ndani ya mustikeri mpya wakati samaki wake wako kwenye mchanga. Na Mujinga, kwa sababu ni Mama Propre, hakutaka kutandika ya kuchakaa. Alinunua mpya kwa watu wa kambi, bado ndani ya plastiki yake, akabadilisha kila mara ilipoanza kuwa na madoa. Zile za zamani alimupa jirani. Ile ambayo Chalwe alianikia ilikuwa ya Mujinga, imefuliwa ziwani miaka miwili, dawa yake yote imekwenda na maji.

Davison akakata kipande cha mustikeri mpya, akakiloweka. Tone moja lilitosha. Akaokota ile plastiki, akasoma.

"Zinatiwa dawa ya kuua mbu kiwandani. Imeandikwa hapa, Ba Mayo. Kwa Kiingereza."

"Basi mbu wanajua Kiingereza," Mujinga akasema.

Akakusanya samaki wote, akazungusha mustikeri yote, akaifunga fundo. "Nimefukuza inzi miaka sita kwa mukono," akasema, "na mi njo nilikuwa ninawalaza samaki kwenye sumu. Kila mara ninabadilisha. Kila mara ninachagua ile mpya." Kisha akamuambia Davison, "Utasema. Mbele ya wote. Mulinishusha mbele ya wote."

Davison akapiga simu kwa Levy. Nilisikia majibu, simu yake inalia kama redio. Levy hakusema samahani. Aliuliza: mustikeri mpya zinagawiwa lini? Davison akamujibu: mwezi ujao, kambini na mujini. Levy akasema mwezi ujao nusu ya ufuko itageuka buluu, na duka litasema karatasi imeharibika ao ziwa limeharibika, na kote kuwili yeye anakufa. Akasema mutu asiongee kitu mpaka afike.

Davison hakuongea. Na mimi sikuongea, nina kamiyo ya kujaza. Wiki mbili Mujinga alipeleka samaki wake kwenye meza ya soko, aliowaanika juu ya mifuko ya simenti kama zamani, na watu wakapita wakiziba pua mbele ya samaki wasionuka. Ile gunia ya buluu ilikaa nyumbani kwake. Hakuiuza, hakuitupa. Aliniambia anaingojesha mpaka siku Davison atasema.

Levy alifika na boksi mpya. "Karatasi ya pili," akasema, "imeboreshwa." Akawaita bamama wote kwenye kamiyo, akamuomba Mujinga alete ile ile gunia ya aibu. Akaiweka kwenye mizani yangu. Davison akapima, mikono yake mizito kama ya mutu aliyeamshwa. Tukangojea dakika tano. Nyekundu.

"Mama," Levy akasema, na sauti yake ilikuwa tamu, "karatasi ya kwanza ilikuwa na haraka mno. Weye ni safi. Leo jina lako limerudi."

Bamama wakapiga vigelegele. Hata Chalwe. "Malaika amerudi mbinguni," akasema, "tusogeze viti."

Kitu chote Mujinga alikuwa anakitaka kilikuwa kwenye ile mizani. Mimi nilishika gunia tayari kupakia.

"Acha, Papa Apollinaire," akaniambia. Akamugeukia Levy. "Patroni, tupime tena kitu."

Akaleta mustikeri mpya, akailoweka mbele ya wote, akavuta maji kwa tete, akadondosha. Nyekundu. Akaonyesha watu.

"Chalwe, lete chupa yako."

"Chupa gani?"

"Ile iko chini ya mihogo, uliificha tangu karatasi ifike."

Watu wakacheka, na Chalwe akaenda akitukana, akaileta. Mujinga akamwaga kifuniko kimoja cha dawa ya nyanya kwenye beseni ya maji. Akapima. Nyekundu. Kifuniko cha pili. Nyekundu. Maji yalikuwa yananuka mpaka waliosimama mbele wakarudi nyuma. Kwenye kifuniko cha tatu doa likaanza kuwa zambarau, kidogo, kama halina uhakika.

"Vifuniko tatu," Mujinga akasema. "Patroni, mutoto atakula vifuniko ngapi kabla karatasi yako haijaamuka?"

"Mama, tunakusaidia. Si ulitaka jina lako?"

"Nililitaka sababu sinyunyizake. Hii gunia iko na dawa, ninajua tangu wiki mbili. Leo ukiipakia, njo nimenyunyiza." Sauti yake haikupanda. "Niliwafundisha namna ya kuipa maji hii karatasi yenu. Sasa munaiziba pua ili iingie dukani."

Akavuta gunia kutoka kwenye mizani yangu, akaliburuta mpaka kwenye shimo la takataka, akalimwaga lote, kazi ya siku nane. Akamwaga mafuta ya taa juu yake, ili mutu asije kuwaokota wale samaki. Kisha akawasimulia bamama habari ya mustikeri, kwa Kibemba chake cha kuvunjikavunjika, na yule ambaye hakuelewa maneno alielewa beseni.

Levy akanigeukia mimi. "Ba Apollinaire, kamiyo ni yako. Unapakia ao unarudi tupu?"

Nilipiga hesabu, na si ya moyo. Siku moja duka litapeleka samaki wangu kwenye labo yake yenyewe. Siku hiyo Levy atakuwa na biashara nyingine, na mimi nitakuwa na kamiyo ile ile. Tena, kipimo chenye kumukubali kila mutu hakinipi kitu cha kubishania. Nikamuambia ninanunua kwa karatasi ya kwanza tu.

"Ya kwanza imeisha," akasema.

"Ziko thelathini na nne," Davison akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku nzima. Akazitoa kwenye mufuko wake.

Tukapima. Magunia tano yakageuka buluu, na wenye magunia walimutukana Mujinga, hawakumutukana Levy. Kamiyo iliondoka nusu. Hakuna mutu alimupa asante, hata mimi. Levy alirudi Lusaka na boksi zake za pili, nami ninasikia anaziuza upande mwingine wa inchi, kwenye maziwa ambayo hakuna Mujinga. Hiyo inaniudhi mpaka leo. Davison aliacha kazi kwake, anatengeneza zile karatasi kali za kwanza kidogo kidogo pale chuoni, ananitumia kwa basi, na ananifanyia bei mbaya.

Mujinga alikata matete siku sita. Akasimamisha nguzo, akafunga matete juu yake kama kitanda kirefu, samaki wakakauka hewani bila mchanga na bila mustikeri. Kamiyo iliporudi nilipima gunia ya kwake mbele ya wengine wote. Nyekundu, rangi ya divai. Nikaipandisha kwanza, mimi mwenyewe, mbele ya macho yale yale.

Hakutabasamu. Alihesabu pesa, akanionyesha noti moja iliyochanika, nikaibadilisha.

"Kumbe sasa uko safi, Bana Gloire," Chalwe akasema.

"Mi nilikuwa safi. Weye ulikuwa muchafu, ukapita kipimo kwa sababu ya mustikeri yangu ya zamani."

Juma lililofuata wakagawa zile mustikeri mpya. Chalwe alipata mbili, bado ndani ya plastiki. Akazishika shika, akanusa, akaziangalia kama mutu anayeangalia pesa ya inchi nyingine. Asubuhi akaja pale Mujinga alikuwa anaosha beseni, akasimama pembeni.

"Bana Gloire, yale matete uliyakata wapi?"

Mujinga akanyosha kidole upande wa maji. Kisu cha kukatia matete kilikuwa pale kando ya muguu wake, na hakumupa.